Moshi, Posho na Mizani: Simulizi ya Membley

Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha ripoti kuhusu miili ya Wakenya. Waandishi wake walikuwa wawili: John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba katika koloni, na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Uskoti ambaye baadaye angekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na kutunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 1949. Walikuwa wamewapima Wakikuyu na Wamaasai kimo na uzito, wakachunguza meno, mifupa na kilichoingia chunguni. Mwanamume wa Kimaasai, waliandika, alimzidi mwenzake wa Kikuyu inchi 5 kwa kimo na ratili 23 kwa uzito, zaidi ya kilo 10. Sababu waliyoitaja ni chakula. Mmoja alikulia maziwa, nyama na damu. Mwenzake nafaka, viazi, ndizi na kunde.

Ripoti hiyo inakumbukwa kwa maziwa na nafaka. Nikiisoma leo, huku magorofa yakizidi kuota Membley, mtaa ulio jirani na mji wa Ruiru huku Kiambu, najiuliza ni nini kingine kilichoingia vinywani mwa watu wa Kiambu miaka hiyo, wakati mizani ya wazungu ilipokuwa ikiwahesabu. Maana tayari sigara ilikuwa imefika, na ilifika kupitia mlango wa njaa.

Tumbaku yenyewe ilitangulia sigara kwa karne nyingi. Ilivuka bahari kutoka bara la Amerika na mabaharia wa Kireno, ikaingia pwani, na kutoka pwani ikapanda bara mkono kwa mkono. Mjini Mombasa na Lamu ilitafunwa ndani ya tambuu pamoja na popoo na chokaa. Milimani kwa Wakikuyu ilipandwa karibu na nyumba, ikakaushwa, ikasagwa ikawa ugoro. Mzee alining'iniza kibuyu kidogo au pembe ya ugoro shingoni, akapiga chafya, akaendelea kuamua kesi. Ajuza naye alikuwa na haki yake ya ugoro. Tumbaku hiyo iliuzwa pia: wanawake wa Kikuyu waliibeba pamoja na nafaka na vibuyu hadi mipakani mwa Wamaasai, wakarudi na mbuzi na ngozi, na biashara hiyo iliendelea hata wanaume wa pande mbili walipokuwa wakipigana. Kwa hiyo wale wanaume wawili waliopimwa na Gilks na Orr, mrefu na mfupi, huenda walinusa ugoro wa shamba moja.

Ugoro ule ulikuwa na mipaka. Kijana hakuuchezea. Ulikuwa wa baraza, wa umri, wa mtu aliyekwisha kula. Sikumbuki simulizi yoyote ya wazee wa Kiambu inayosema kwamba ugoro ulichukua nafasi ya mlo.

Sigara ndiyo iliyobadilisha hesabu hiyo. Kampuni ya British American Tobacco (BAT) ilianza biashara Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata mto Ruiru ulianza kuzalisha umeme wa kuangaza Nairobi, na miaka michache baadaye reli ilipita Ruiru kuelekea Thika. Kando ya reli hiyo walowezi wakaweka kahawa na mkonge. Anayepanda matatu leo kutoka Nairobi, akaipita Kahawa na kushuka Membley kabla ya kufika mji wa Ruiru, anakanyaga ukanda uliokuwa wa mashamba hayo. Kituo cha utafiti wa kahawa bado kipo Ruiru, na aina ya kahawa iliyopewa jina la mji huo, Ruiru 11, ilitoka hapo mwaka 1985.

Kibarua wa kahawa alilipwa kwa tikiti ya siku 30 za kazi, na juu ya mshahara alipewa posho. Posho ya kawaida ilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, pungufu kidogo ya kilo moja, na mara nyingi ndiyo ilikuwa chakula chote. Unga mtupu unashibisha tumbo bila kuujenga mwili. Mama yake alimlisha njahi, viazi vitamu, nduma na mboga za kila msimu. Mwajiri alimpa rangi moja ya chakula mwaka mzima. Alfajiri alitoka na debe lake kuchuma kahawa, na posho iliiva jioni, baada ya kuni kutafutwa na maji kuchotwa. Kati ya alfajiri na jioni palikuwa na saa nyingi za njaa, na dukani, karibu na ofisi ya nyapara, palikuwa na kitu cha senti chache kilichoituliza njaa hiyo.

Kwa nini kilituliza, sayansi ilichelewa kueleza. Nikotini ikivutwa hufika ubongoni katika sekunde chache. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiongozwa na Marina Picciotto, walionyesha kwa panya kwamba nikotini huamsha chembe za ubongo ambazo kazi yake ni kutangaza shibe. Mnyama hajala, lakini ubongo wake umepokea habari kwamba amekula. Papo hapo moyo huenda mbio na mwili huchoma akiba yake. Nchini Uswisi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, wavutaji walikaa siku nzima ndani ya chumba cha kupimia nishati, siku wakivuta na siku wasipovuta. Siku za kuvuta, miili yao ilitumia nishati takriban asilimia 10 zaidi.

Hebu tumpe kibarua wa Ruiru hesabu hizo mbili. Anaingiza kidogo kwa sababu sigara imeizima njaa, na anatoa kingi kwa sababu sigara imeuharakisha mwili. Kwa mtu mwenye mafuta tumboni hayo yanaweza kuonekana neema. Kwa mtu wa ratili mbili za unga ni deni juu ya deni, na mwili dhaifu unaovuta moshi ni mlango wazi kwa kifua kikuu, ugonjwa unaopenda mapafu yenye masizi na damu yenye njaa.

Vita Vikuu vya Pili viliifanya sigara iwe chakula kabisa, angalau kwenye karatasi za jeshi. Katika majeshi ya Uingereza sigara zilifungwa kwenye masanduku ya mgao pamoja na biskuti, nyama ya kopo na chai. Askari wa King's African Rifles walipelekwa hadi Burma chini ya jeshi hilohilo, na waliorudi walirudi na pesa, makoti na tabia mpya. Nyumbani Uingereza mwaka 1948 wanaume 82 kati ya 100 walitumia tumbaku kwa namna moja au nyingine. Hao ndio waliokuwa mabwana shamba, maofisa na masajini wetu. Sigara mdomoni ilikuwa sura ya mtu mwenye amri, na kijana wa Kiambu alijifunza sura hiyo kwa kuitazama kila siku.

Wakati uleule, upande wa pili wa dunia, sayansi ilikuwa ikishuhudia jambo ambalo vibarua wetu walilijua bila maabara. Mwaka 1945 Ancel Keys, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwashindisha njaa vijana 36 waliojitolea: walikula nusu ya mahitaji yao kwa miezi sita, ili madaktari wajue namna ya kuwatibu watu wa Ulaya waliokuwa wakifa kwa njaa. Vijana hao walikonda hadi mbavu zikahesabika. Wengi wao walianza kutafuna ubani mchana kutwa, kunywa kahawa kikombe baada ya kikombe, na kuvuta sigara kuliko walivyowahi kuvuta. Mdomo wenye njaa hutafuta kazi.

Watu wa Mau Mau waliijua sigara kuwa silaha ya uchumi. Mwaka 1953 na 1954 walitoa amri katika Nairobi na vitongoji vyake: Mwafrika asipande mabasi ya wazungu, asinywe bia yao, asivute sigara zao. Aliyekaidi aliadhibiwa vikali. Amri hiyo huandikwa kwenye vitabu kama mgomo wa kisiasa, na ilikuwa hivyo. Kwangu ina uzito mwingine pia. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa ninavyojua, umati wa watu katika sehemu hizi kuiacha sigara kwa wakati mmoja, na walifanya hivyo katikati ya dhiki kubwa: mnamo Aprili 1954 msako wa Operesheni Anvil uliwakamata maelfu, na familia za Kiambu zikahamishiwa vijiji vyenye mahandaki ambako mlo ulikuwa wa kuhesabu. Watu walivumilia njaa bila moshi. Dini nazo zilikuwa zimetangulia kwa njia yake: Waakurinu, waliochipuka Kikuyuni kati ya vita viwili vya dunia, na makanisa ya African Inland Mission yalimkataza muumini tumbaku ya kila aina.

Baada ya uhuru kambi ya kijeshi ya Templer pale Kahawa, jirani kabisa na Membley, ilikabidhiwa serikali ya Kenya na mwaka 1965 ikawa Chuo cha Kenyatta, ambacho leo ni chuo kikuu. Mabweni ya wanajeshi yakalaza wanafunzi. Sigara haikuhama na wanajeshi. Ilibaki, ikapata wateja wenye elimu.

Sasa lazima nivuke bahari kidogo, kwa sababu jambo lililoamuliwa Marekani miaka ya 1920 ndilo lililokuja kutukuta. Mwaka 1928 kampuni ya American Tobacco, chini ya George Washington Hill, ilianza kuwaambia wanawake wa Marekani wachukue Lucky Strike badala ya peremende. Ujumbe ulikuwa wazi: vuta, usinenepe. Watengenezaji wa peremende walipiga kelele, na mwaka 1930 tume ya biashara ya serikali ikaiamuru kampuni iache kudai kwamba sigara hulinda umbo. Kampuni ilipunguza maneno na kubaki na wateja. Miaka 40 baada ya tangazo lile, mwaka 1968, kampuni nyingine ikatoa Virginia Slims, sigara nyembamba ya wanawake, na picha za wanawake wembamba zikafanya kazi ambayo maneno yalikatazwa kuifanya.

Kwetu tangazo hilo lisingeuza kitu. Mtu aliyenenepa Ruiru ya 1968 alipongezwa: ameoa vizuri, kazi inalipa, nyumbani kuna maziwa. Sigara za Kenya ziliuzwa kwa ndoto nyingine. Sportsman iliuza uanaume na nguvu, Embassy iliuza ofisi na tai, na za menthol zikabembeleza kina dada. Wembamba haukutajwa, na miaka ya 1980 ukawa jambo la kuogofya. Mwaka 1985 madaktari walieleza katika jarida la Lancet ugonjwa mpya wa Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliuita Slim kwa jinsi ulivyomaliza nyama mwilini. Ukafika Kenya, ukajaza wodi zetu, hadi Rais Moi alipoutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Katika miaka hiyo mvutaji aliyekonda alinong'onezwa sokoni na kanisani. Wapo waliokula kwa pupa ili mashavu yajae, watu wasiseme.

Ndipo barabara ikaja. Ujenzi wa Thika Superhighway, kilomita 50 hivi kutoka Nairobi hadi Thika, ulianza 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012. Mashamba ya kahawa yakakatwa ploti. Kufikia sensa ya 2019 mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi karibu nusu milioni, mara mbili ya hesabu ya miaka 10 nyuma. Membley ikawa mtaa wa mageti, maduka ya jumla, gari mbili uani. Kwenye Eastern Bypass, mwendo mfupi kutoka hapo, Kamakis ikawa makao ya nyama choma: Jumamosi jioni moshi wa mbavu na mtura hufunika barabara, na mezani, kati ya kachumbari na chupa, hukaa pakiti ya sigara.

Hapo, ndani ya mtaa mmoja, historia yote ya kibarua na ya tangazo la 1928 imekutana. Nenda Membley saa nne asubuhi siku ya kazi, mahali popote panapojengwa. Pembeni mwa mjengo kuna kibanda cha mabati chenye wavu wa chuma dirishani, na kwenye wavu kuna kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa uzi ili kisichukuliwe. Kijana mwenye vumbi la simiti kwenye nyusi anaomba fegi moja na chai ya rangi. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini hapa pakiti haifunguliwi kwa njia nyingine. Anawasha, anavuta mara tatu nne za haraka, anakunywa chai yenye sukari nyingi. Chapati na maharagwe viko kwenye sufuria hatua mbili kutoka alipo. Hatavigusa hadi saa tisa, labda hata jioni, kwa sababu pesa ya leo ina karo na kodi ndani yake. Kubeba mawe bila kula, huku mwili umedanganywa kwamba umeshiba, ndiyo posho ya zama hizi.

Vuka ukuta uingie nyumba iliyokwisha. Huko baba wa miaka 45, mwenye kitambi, amesikia kwa daktari kwamba aache sigara, naye anajibu kwamba akiacha atanenepa zaidi. Hoja yake si ya kubuni. Mwaka 2012 uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba wanaoacha bila dawa huongezeka kwa wastani kilo 4.7 hivi katika mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya kilo hizo huja miezi mitatu ya kwanza. Nikotini imeondoka, breki ya njaa imeachiliwa, mwili umepunguza mwendo, na ulimi umefufuka. Mtu wa wiki ya tatu bila sigara anaisikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa nyumba ya pili. Lakini uchambuzi huohuo unasema kitu ambacho hakisemwi barazani: mtu mmoja hivi kati ya sita alipungua uzito baada ya kuacha. Wastani hauandiki hatima ya mtu.

Tena kitambi chake alikipata akiwa mvutaji. Wavutaji wa sigara nyingi mara kwa mara hulundika mafuta tumboni kuliko sehemu nyingine, hata kama mizani inawasifu. Insulini hufanya kazi vibaya ndani ya miili yao. Ripoti ya mwaka 2014 ya daktari mkuu wa Marekani ilisema hatari ya kisukari cha aina ya pili kwa wavutaji ni asilimia 30 hadi 40 zaidi ya wasiovuta. Na mwaka 2013 utafiti wa Framingham, uliofuatilia mioyo ya watu kwa miongo, ulionyesha kwamba walioacha walipata nafuu kubwa ya magonjwa ya moyo hata pale kilo zilipoongezeka. Kilo nne za chapati na mukimo zinaweza kutembezwa jioni hadi zipungue. Mshipa wa moyo ukiziba hauna subira hiyo.

Ziko takwimu za Kenya ambazo hupotosha wengi. Mwaka 2014 utafiti wa kitaifa ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima wanatumia tumbaku: wanaume 19.1, wanawake 4.5. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ulikuta asilimia 27 wana uzito uliozidi, na wanawake walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanaume. Ukiweka karatasi hizo mbili pamoja utashawishika kusema: angalia, wasiovuta ndio wanaonenepa. Ni hesabu ya haraka mno. Mwanamke wa Ruiru hanenepi kwa sababu amekosa sigara. Ananenepa kwa kukaa dukani saa 14, kwa uzazi, kwa mafuta ya kupikia ya bei rahisi, kwa chipsi za njiani na matatu ya mlango hadi mlango. Mwanamume aliyekonda kwa upande wake mara nyingi ndiye yule wa mjengo, na kukonda kwake si afya. Tabaka, kazi na jinsia vimejificha nyuma ya kila kilo.

Nimesema juu ya vibarua, na sasa nasema na wenye nyumba: anayejenga Membley aweke chakula cha mchana kwenye hesabu ya mjengo, palepale karibu na simiti na nondo. Sufuria moja ya githeri kwa fundi na wasaidizi wake ni gharama ndogo mno katika nyumba ya mamilioni. Nani atamshawishi kijana aache fegi ya saa nne ikiwa hana cha kuweka mahali pake?

Ukiendelea na Thika Superhighway unafika Thika, ambako BAT ina kiwanda cha kuchakata majani ya tumbaku. Malori huyaleta kutoka mbali, kutoka Migori na Kuria, Busia, Bungoma, Meru. Kampuni iliingiza kilimo cha mkataba kwa wakulima wa Kenya miaka ya 1970, majani ya Uganda yalipoanza kuwa ya shida wakati wa Idi Amin. Mkulima hupewa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha hulea miche, kupandikiza, kuvuna, kukata kuni na kukausha, kazi inayokula miezi mingi ya mwaka na mikono ya nyumba nzima. Shamba lililojaa tumbaku halitoi kitu cha kuweka chunguni.

Machi 2022 Shirika la Afya Duniani, FAO na Mpango wa Chakula Duniani, pamoja na serikali ya Kenya, walianzisha Migori mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku. Wakulima waliokubali walipewa mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma na soko la uhakika la mazao yao. Maharagwe hayo huiva kwa miezi mitatu hivi, hayahitaji tanuri wala kuni za kukaushia, na mkulima akishauza magunia yake hubakiza mengine kwa ajili ya watoto wake.